Mfumo Umekataa

Katika maneno yote tuliyoyazoea kwenye ofisi za mji huu wa Dar es Salaam, hakuna yanayoniudhi kuliko haya mawili: mfumo umekataa. Mwananchi amepanda daladala mbili, amesimama kwenye foleni tangu asubuhi, jua limemchoma, hatimaye anafika dirishani na kuambiwa kwamba mfumo umekataa. Naye huitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa kwamba leo mvua itanyesha. Hagombi wala haulizi jina la mkuu wa ofisi. Nani agombane na mvua?

Mimi ni fundi wa hifadhidata. Kazi hii nimeifanya kwa zaidi ya miaka 20, na kwa kuwa kitabu hiki nimekichapisha kwa fedha zangu mwenyewe, hakuna mkuu wa kitengo atakayeniletea dokezo la kunitaka nilainishe maneno. Basi naomba niseme waziwazi. Mfumo haukatai. Mashine haina kiburi, haina uchovu wala haijui kwamba leo ni Jumatatu. Kila mara nilipoitwa kutazama mfumo "uliokataa", nilimkuta nyuma yake mtu aliyejua jambo na asilitende, au mtu aliyeambiwa jambo na asilisikie. Na mara moja, ambayo ndiyo sababu ya insha hii, mtu huyo nilikuwa mimi.

Ndugu msomaji, nivumilie kidogo nikueleze jambo la kiufundi, kwani bila hilo utaniona napiga kelele tu. Ofisi inayopokea malipo huyaweka katika jedwali ndani ya hifadhidata. Kila malipo ni mstari mmoja. Baada ya miaka michache mistari hufika mamilioni, na mashine ikiulizwa habari za mwezi mmoja huweza kulazimika kupekua yote. Kwa hiyo mafundi huligawa jedwali. Kazini tunaita patisheni. Humu nitaviita vyumba, maana ndivyo vilivyo. Malipo ya Mei yanakaa chumba cha Mei, ya Juni chumba cha Juni, na anayetafuta ya Juni hafunguliwi mlango mwingine.

Kila chumba kina mpaka ulioandikwa. Chumba cha Juni 2014 huandikwa kwamba kinapokea kila malipo ambayo tarehe yake iko chini ya 1 Julai 2014. Liangalie vizuri neno hilo "chini ya". Malipo ya 30 Juni saa 5:59 usiku yataingia. Dakika moja baadaye tarehe ni 1 Julai, na tarehe hiyo haiko chini ya 1 Julai. Kama chumba cha Julai kipo, yataingia humo. Kama hakuna aliyekijenga, mashine itayarudisha, na itasema kwa nini imeyarudisha. Katika hifadhidata za Oracle sababu hiyo ina namba, ORA-14400, na tafsiri yake ni kwamba ufunguo wa mstari ulioletwa hauangukii katika chumba chochote. PostgreSQL nayo husema kwamba haikupata chumba cha mstari huo, kisha hukuonyesha thamani yenyewe iliyokosa mahali. Sasa niambie, ni karani gani katika ofisi zetu anayekueleza kosa lake kwa ukweli na ufupi kama huo?

Ilikuwa Jumanne, 1 Julai 2014. Taasisi niliyoitumikia sitaitaja. Ilipokea malipo ya wananchi, na hilo latosha. Jedwali letu lilijengwa mwaka 2009 na kupewa vyumba 60, kimoja kwa kila mwezi, kuanzia Julai 2009 hadi Juni 2014. Miaka mitano ilionekana mbali sana kwa waliojenga. Mwezi wa Aprili 2014, nikipekua mambo mengine, niliviona vyumba vinakwisha. Nikaandika dokezo sabili kwenda kwa mkuu wangu, nikieleza kwamba ifikapo 1 Julai hakuna malipo yatakayoingia, na kuomba kibali cha kuongeza vyumba. Dokezo likarudi baada ya wiki mbili na mstari mmoja wa wino wa bluu: "Lisubiri bajeti ya mwaka mpya wa fedha."

Mwaka mpya wa fedha wa serikali yetu huanza 1 Julai.

Kazi niliyoiomba haikuhitaji hata shilingi moja. Kuongeza chumba ni amri ya mstari mmoja, na kwa chumba kitupu humalizika kufumba na kufumbua. Kilichohitajika ni saini tu. Lakini sitamtupia mkuu wangu mzigo wote, maana alikuwa mhasibu, na aliposoma neno "kuongeza" alidhani naomba fedha. Mimi ndiye niliyejua maana ya tarehe ile. Nilitakiwa kurudi, kugonga mlango, kukaa kwenye kiti chake na kumwambia: mzee, hili si la bajeti. Sikurudi. Nililiweka dokezo katika jalada nikahisi nimejikinga. Usiku wa kuamkia Julai mosi nililikumbuka nikiwa kitandani, nikajiambia labda kuna mtu amelishughulikia. Hapakuwa na mtu mwingine wa kulishughulikia.

Asubuhi ile sikuwa ofisini. Nilikuwa viwanja vya Saba Saba, Barabara ya Kilwa, katika banda la taasisi, nimevaa fulana yenye nembo, nikiwaonyesha wageni ubora wa mfumo wetu. Simu iliita saa 4. Nilifika ofisini saa 7, kwa msongamano wa magari mnaoujua. Tulikuwa katika siku za mwanzo za Ramadhani. Foleni imetoka nje hadi kwenye mwembe, wengi wamefunga, wamekaa chini kimya.

Na wenzangu walikuwa wamefanya nini kwa saa tano? Walizima kompyuta za madirisha wakaziwasha. Walimwita fundi wa mtandao, akabadilisha waya. Walizima seva kubwa mara mbili. Hakuna aliyesoma ujumbe wa kosa. Wala siwalaumu sana makarani, kwa sababu ujumbe haukuwafikia. Waliotutengenezea programu ya madirishani walikuwa wameuficha, na mahali pake wakaweka maneno ya adabu: "Samahani, hitilafu imetokea. Wasiliana na msimamizi wa mfumo." Hii nayo ni dhambi kubwa ya kazi yetu. Hifadhidata imesema kweli tupu, imetaja na namba, halafu kijana mmoja anaichukua kweli hiyo na kuifunika kwa samahani, eti asimtishe mtumiaji! Mtumiaji hatishwi na namba. Anatishwa na kutoijua sababu mbele ya watu mia mbili.

Nilifungua kumbukumbu ya makosa. ORA-14400, mstari kwa mstari, tangu saa 6 ya usiku. Nikaiuliza hifadhidata orodha ya vyumba na mipaka yao, nikaenda chumba cha mwisho: 1 Julai 2014. Muda wote huo haukufika dakika kumi. Nasema hivi si kwa kujisifu, maana jibu nilikuwa nalo tangu Aprili. Nasema kwa sababu namna hii ya kutafuta kosa yaweza kufundishwa kwa mtu yeyote anayejua kusoma: soma ujumbe wenyewe, si ule uliofunika, tambua ni jedwali gani, tazama thamani iliyokataliwa, kisha tazama mipaka. Ukivilinganisha viwili hivyo, tatizo litajitaja lenyewe.

Hapa nataka nilinganishe na masjala, kwani vijana wa sasa wanadhani utaratibu ulianza na kompyuta. Katika ofisi ya kwanza niliyofanya kazi palikuwa na mzee wa masjala ambaye elimu yake ilikuwa ya darasa la saba. Kila Desemba, kabla ya sikukuu, alichukua majalada mapya, akayaandika mwaka unaofuata kwa kalamu nene, akayapanga kwenye rafu yakiwa matupu. Jalada likijaa kabla ya mwaka kwisha, alifungua juzuu ya pili bila kumuuliza mtu. Katika maisha yangu sikuwahi kumsikia akimwambia mgeni kwamba kabati limekataa barua yake. Angechekwa! Basi imekuwaje kazi iliyofanywa na mzee yule kwa kalamu na uzi, ishindikane kwa watu wenye shahada na seva ya mamilioni? Imekuwa hivi: kabati lilikuwa la mzee. Mfumo si wa mtu. Mhasibu anasema ni wa mafundi, fundi anasema ni wa aliyeujenga, na aliyeujenga alilipwa akaondoka mwaka 2009.

Narudi kwenye ile Jumanne. Nilipomweleza mkuu wangu, hakutaka habari ya chumba cha Julai, Agosti na kuendelea. Alitaka jambo lile lisionekane tena maishani mwake. Nikampa alichotaka: chumba kimoja cha mwisho kisicho na mpaka wa juu, chenye kupokea kila kitu kutoka 1 Julai 2014 hadi kiama. Saa 8 madirisha yakafunguka, watu wakapiga makofi. Nami nikapiga.

Mafundi wengi hupendekeza chumba hiki cha kupokea yote, na wapo wanaokiita busara. Mimi nakiita uvungu wa kitanda. Kwa miezi 18 hatukukiangalia. Malipo yote ya nchi nzima yakarundikana humo, na ripoti zilizochukua dakika mbili zikaanza kuchukua nusu saa. Januari 2016 tulipotaka kuongeza vyumba vya kawaida, hifadhidata ikatujibu kwa ORA-14074, yaani chumba kipya lazima mpaka wake uwe juu ya ule wa chumba cha mwisho. Na nini kiko juu ya kisicho na mpaka? Ilibidi kukipasua chumba kile, mistari ikihamishwa ndani yake, na kwa kuwa aliyetoa amri alisahau kuagiza faharisi zisahihishwe pamoja, faharisi zikabatilika. Madirisha yakasimama tena, safari hii kwa ORA-01502. Mwanzoni tulipoteza saa sita kwa kukosa chumba. Sasa tukapoteza siku nzima kwa kuwa na chumba kisichokataa kitu. Watumiaji wa PostgreSQL wasicheke. Wao walipata chumba cha namna hiyo katika toleo la 11, mwaka 2018, na wakijaribu kuongeza chumba kipya hali mistari yake tayari imelala kwenye kile cha jumla, hifadhidata yao nayo huwakatalia.

Lakini uchelevu si ubaya wake mkubwa. Tulipokipasua tulikuta ndani yake malipo ya mwaka 2041. Karani alinakili tarehe kutoka kwenye hati ya benki, akataka kuandika 2014, vidole vikateleza. Chumba chenye mpaka kingeyarudisha pale pale, akasahihisha, mteja akaenda zake. Chumba cha kupokea yote kiliyameza kwa heshima. Kwa hiyo yuko mtu aliyelipa Agosti 2014, akapewa risiti, na kwenye vitabu vyetu akawa mdaiwa kwa miezi 17, akaandikiwa barua za kutishwa, kwa sababu fedha yake ilikuwa inasubiri mwaka 2041 ufike.

Najua nitajibiwa kwamba siku hizi haya yote yamepitwa na wakati. Ni kweli kwamba tangu toleo la 11g la mwaka 2007, Oracle yaweza kujijengea chumba kipya yenyewe kila mstari wa mwezi mpya unapofika. Nakubali ni jambo jema, na laiti waliojenga mfumo wetu mwaka 2009 wangelitumia, lilikuwepo. Lakini linamtaka mtu vilevile. Yule wa 2041 angejengewa chumba chake cha 2041, safi kabisa, bila mtu kushtuka. Na wale wanaopenda kuandika mwaka 9999 kumaanisha "haina mwisho" wakumbuke kwamba vyumba vina kikomo, 1,048,575 kwa jedwali, na hifadhidata huhesabu hata vile visivyojengwa bado katikati. Kwa vyumba vya siku moja moja, mwaka 9999 umepita mbali kikomo hicho. Mtu atapokea ujumbe wa kosa, ataufunika kwa samahani, na dirishani tutasikia yale yale.

Tabia hii ya kumlaumu asiye na mdomo si ya jana. Mwaka 1974 serikali yetu ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya mradi wa kuweka hesabu za Hazina kwenye kompyuta kwenda mrama. Sisemi wakubwa wa wakati ule hawakuwa na hoja. Mashine zilikuwa ghali na fedha za kigeni adimu. Nasema tu kwamba mashine ilihukumiwa. Na tangu marufuku ilipolegezwa tumegeuza upande wa pili wa kosa lile lile: sasa hatuifukuzi mashine, tunajificha nyuma yake.

Nimechelewa kufika kwenye jambo lenyewe, na najua kwa nini nimechelewa.

Dirisha namba 3 alikaa mama mmoja wa makamo, karani wa mkataba. Asubuhi ile ya Julai mosi, baada ya saa nzima ya "mfumo umekataa", alifungua mtoto wa meza akatoa kitabu cha zamani cha stakabadhi, chenye karatasi ya kaboni, akaanza kuwaandikia kwa mkono waliotoka mbali. Faini ingeanza kuhesabiwa kesho yake. Aliandika stakabadhi 43, fedha akaihesabu, akaifunga, akaikabidhi kwa mweka hazina jioni, haikupungua hata senti. Katika jengo lile zima, yeye peke yake ndiye aliyefanya kazi yake siku ile.

Kanuni ilikataza stakabadhi za mkono. Akaandikiwa barua ya kujieleza. Kamati ikaundwa, nami nikatakiwa kuleta taarifa ya kitaalamu kuhusu chanzo cha tatizo. Niliandika ukurasa mmoja. Sentensi ya kwanza ninaikumbuka yote: "Hitilafu ya mfumo iliyotokea ghafla." Ghafla! Tarehe ile ilikuwa imeandikwa ndani ya jedwali tangu mwaka 2009, na katika jalada langu tangu Aprili. Lakini nilikuwa na mke na watoto wawili shuleni, na mkuu wangu alikuwa ameketi kwenye kamati ile. Kwa sentensi ile kusimama kwa madirisha kukawa hakuna mwenyewe, kama mvua. Stakabadhi za mkono, hizo zilikuwa na mwenyewe, na saini yake ilionekana mara 43. Mkataba wake ulikwisha Septemba. Haukuongezwa.

Nilimwona tena mwaka 2019, Mbagala Rangi Tatu, akisubiri gari na mjukuu mgongoni. Ningeweza kupita. Nilimwendea nikamwamkia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. He, ni wewe? Ule mfumo wenu umepona?"

Nikamweleza pale pale kituoni, wapiga debe wakipiga kelele. Nikamwambia habari ya vyumba, ya dokezo la Aprili, ya taarifa niliyoiandika na neno nililoliweka. Alisikiliza huku akimbembeleza mtoto. Nilitarajia anitukane, na nadhani ningefarijika. Akauliza kama zile stakabadhi zake 43 ziliingizwa baadaye kwenye kompyuta. Nikamjibu kwamba ziliingizwa Alhamisi ya wiki ile ile, niliziingiza mwenyewe.

"Zote?"

"Zote mama."

"Na ya yule mzee wa Kisarawe, aliyelipa kwa sarafu? Maana jina lake nililiandika vibaya, nikalikata, nikaandika juu."

Nikasema sikumbuki. Gari lake lilikuwa limefika. Alipanda, akakaa upande wa dirisha, na kabla halijaondoka akaniambia nikitazame kitabu kile, ukurasa wa katikati, jina lilianza na M.